Ukimpima mtoto selimundu Mwanza, mpe jibu kamili: AA, AS au SS

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima vitone vya damu vya watoto zaidi ya 17,000 wa chini ya miaka 2 kutoka mikoa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, vilivyokuwa vimefika maabara ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Asilimia 20.3 walibeba kinasaba kimoja cha selimundu, ugonjwa wa kurithi unaokunja seli nyekundu za damu: hao ndio AS. Asilimia 1.2 walikuwa wagonjwa, yaani SS, wenye vinasaba viwili; AA hana hata kimoja.

Ipeleke hesabu hiyo kwenye ndoa. Katika kila wanandoa 100, jozi 4 hivi mume na mke wote ni AS, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS. Wodi ya wazazi inayozalisha watoto 300 kwa mwezi itarajie wagonjwa watatu au wanne. Kama kitabu cha wodi hakionyeshi hata mmoja, watoto hao wamerudi nyumbani Magu, Sengerema au Ukerewe bila kujulikana.

Wingi huu umeletwa na malaria. Mwaka 1954 mtafiti Tony Allison alionyesha kuwa mwenye AS hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinasaba kimejaa ukanda wa ziwa na pwani na kuwa adimu milimani. Ila mtoto SS hana nafuu hiyo. Malaria humshusha damu haraka na kumuua.

Kinachotuumiza zaidi ni kipimo. Vituo vingi bado hutegemea kile cha kuchanganya tone la damu na dawa ya kuondoa oksijeni, kisha kutazama seli zikijikunja kwenye darubini. Jibu lake ni "ipo" au "haipo" tu. AS na SS wote husoma "ipo", kwa hiyo mtu mzima wa afya huambiwa ni mgonjwa, na ndoa huvunjika kwa karatasi isiyo na maana. Kichanga naye, damu yake ikiwa bado imejaa himoglobini (protini inayobeba oksijeni) ya utotoni, husoma "haipo" na mama akatulizwa bure. Chini ya miezi 6 kipimo hiki kisitumike kabisa. Aliyeongezewa damu asubiri walau miezi 3, la sivyo unapima damu ya aliyemchangia.

Kinachotakiwa ni kutenganisha himoglobini kwa umeme, au vile vipimo vya haraka vinavyosoma A na S kila moja peke yake ndani ya dakika chache. Sampuli ikienda maabara ya mbali, hukaushwa kwenye karatasi yenye duara: pasha kisigino cha mtoto joto, choma pembeni (katikati kuna mfupa karibu), futa tone la kwanza, jaza duara mara moja kutoka upande mmoja wa karatasi. Ikauke ikiwa imelala, kivulini, walau saa 3. Jua huharibu himoglobini, na karatasi zilizofungwa zikiwa mbichi huota ukungu.

Akigundulika SS, penisilini ya kunywa ianze kufikia miezi 2: miligramu 125 asubuhi na jioni hadi miaka 3, kisha 250 hadi miaka 5. Mama afundishwe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka viganja, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.