Sheffield wanasusa, Tabora tunashukuru

Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Isevya, Tabora, kuna swali haliishi: mbona Waingereza wa Sheffield walimwandama vile mtu aliyemwaga mamilioni ya pauni kwenye timu yao? Anayeuliza ana haki ya kushangaa. Kwetu Tabora mtu akiitolea timu hela yake, hata kama ni jezi na mafuta ya basi la kwenda Shinyanga, anawekewa kiti cha mbele, anaitwa mheshimiwa na anaombewa dua. Huku Sheffield nilipo, Dejphon Chansiri, tajiri wa Thailand aliyeinunua Sheffield Wednesday mwaka 2015, alimaliza muda wake akiimbiwa na majukwaa aiuze timu aende zake.

Wednesday si timu ya juzi. Ilianzishwa 1867, na reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 hawa walikuwa wameshabeba ubingwa wa Uingereza mara mbili. Kwa hiyo alipokuja tajiri, walimpokea kama sisi tunavyopokea: kwa vifijo. Mwaka 2016 walifika fainali ya kuwania kupanda Ligi Kuu, wakafungwa na Hull. Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Uwanja wao wa Hillsborough uliuzwa kwa kampuni ya huyo huyo mwenye timu, faida ya mauzo ikaingizwa kwenye hesabu za mwaka usio wake, Ligi ikawanyang'anya pointi 12. Wakakata rufaa zikabaki 6, na hizo 6 ndizo zilizowashusha daraja mwaka 2021. Oktoba 2023 bwana mkubwa akasema wazi kwamba mashabiki 20,000 wakichanga pauni 100 kila mmoja, itapatikana milioni mbili ya kulipa kodi na mishahara. Hebu fikiria: umeshalipa tiketi ya msimu, jezi umenunua, halafu mwenye timu anakupitishia bakuli.

Mwaka 2025 ndipo ilipofumka. Mishahara ya wachezaji ikachelewa mara kwa mara, usajili ukafungiwa, jukwaa la kaskazini likafungwa kwa sababu za usalama. Watu wakaanza kususa. Oktoba, mechi ya nyumbani na Middlesbrough ikachezwa viti vitupu vikimeremeta chini ya taa, na siku mbili baadaye, tarehe 24, klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Pointi 12 nyingine zikaondoka. Mtu wa kwetu angetegemea kilio siku hiyo. Kumbe walifurahi! Watu walewale waliokuwa wamegoma kutoa hata pauni moja wakajaa dukani kununua skafu na tiketi, na Jumamosi yake uwanja ukafurika. Wakafungwa na Oxford, lakini hilo halikumshughulisha mtu.

Sasa, wengi wetu tunapoyaona haya kwenye runinga tunashika kelele tu. Tunaona mabango. Tunakumbuka mashabiki wa Reading walivyoingia uwanjani Januari 2024 mpaka mechi yao na Port Vale ikavunjika, wakimtaka mwenye timu, Dai Yongge, auze. Mimi kelele hazijanivutia sana. Kelele hata Tabora tunazo, nenda kijiwe chochote cha kahawa. Kilichonivutia nilikiona kazini.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tuna fundi wa matengenezo pale, mtu wa mabomba na vitasa, Wednesday tangu kwa babu yake. Siku moja muda wa chakula, mkate mkono mmoja, simu mkono mwingine, akanifungulia hesabu za klabu. Si habari ya gazeti, hesabu zenyewe, kurasa kwa kurasa, kutoka kwa msajili wa makampuni, ambako mtu yeyote anazisoma bure. Kidole gumba chenye alama za grisi kikashuka mpaka kwenye orodha ya madeni, akasimama hapo: hili ni deni la watu wa nje, hili ni deni ambalo klabu inadaiwa na tajiri mwenyewe, hapa mishahara imezidi mapato. Hakusoma uhasibu. Ila alijua ni mwaka gani hesabu zilichelewa kuwasilishwa, na alijua uwanja uko mikononi mwa kampuni ipi. Akamaliza mkate wake akarudi kwenye bomba la choo cha ghorofa ya pili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hawamwogopi tajiri wao. Shabiki wa hapa anajua nani anamdai nani. Sisi hatujui, kwa hiyo kilichobaki kwetu ni kushukuru au kununa.

Nisiwapambe kupita kiasi. Mashabiki wa Bury walijua kila kitu na bado timu yao, iliyoanza 1885, ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019, miezi michache tu baada ya Steve Dale kuinunua kwa pauni moja. Hesabu zikiwa wazi hazimfungi mtu mikono. Ndiyo maana wamelazimika kutunga sheria mpya ya kusimamia soka mwaka 2025, yenye msimamizi wake, na mwenye klabu hawezi tena kubadili nembo au rangi za jezi bila mashabiki kuridhia. Cardiff walishavalishwa jekundu mwaka 2012, timu ya bluu tangu enzi na enzi, mpaka 2015 ndipo tajiri akasalimu amri. Hull walitaka kuitwa Hull Tigers, chama cha soka kikakataa.

Nikifika kwenye jina, nawageukia wenzangu wa nyumbani. Timu yetu imebadilishwa majina kama foronya. Ilipanda Ligi Kuu 2023 ikiitwa Kitayosce, ikawa Tabora United, na tangu 2025 inaitwa TRA United kwa sababu Mamlaka ya Mapato imeichukua. Nani aliulizwa? Mdogo wangu anakaa mwendo wa dakika chache kutoka uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, na habari aliisoma kwenye simu, kama mimi niliye Sheffield.

Na timu hii ina historia, jamani, ndogo lakini ya kwetu. Agosti 2023 ilikwenda Chamazi kwa Azam na wachezaji 8 tu kwa sababu ya mambo ya usajili, wawili wakaumia, mechi ikaishia njiani ikiwa imeshafungwa 4-0. Tulichekwa nchi nzima. Novemba 2024, Chamazi hiyo hiyo, ikampiga Yanga 3-1. Usiku ule Nyuki wa Tabora, kama tunavyoiita timu, walivuma mpaka huku. Nilishindwa kulala, na zamu yangu ilikuwa ya alfajiri.

Nilipomlalamikia mdogo wangu kuhusu jina, alinijibu kwa ujumbe wa sauti, pikipiki zikipita nyuma yake: "Kaka, wewe unataka jina, sisi tunataka timu." Ana hoja. Tabora tumeshazika timu. Milambo iko wapi? Rhino Rangers ilipanda msimu wa 2013/14, ikashuka msimu huo huo. Kule Kigoma, Mashujaa ni timu ya jeshi, na watu wa Ujiji wanapanda daladala kwenda uwanja wa Lake Tanganyika kuona Ligi Kuu bila kujali jezi imelipiwa na nani. Taasisi yenye pesa si kitu cha kubezwa kwenye mkoa ambao tajiri wake mkubwa ni mkulima wa tumbaku anayesubiri malipo.

Nikamwuliza basi, mkikasirishwa mtasusa? Akacheka. "Tukisusa nani atajua?" Hapo tena amesema kweli, na ndiyo tofauti yetu kubwa na Sheffield. Fundi wangu wa mabomba hana timu ya pili. Sisi siku uwanja unajaa ni siku Simba au Yanga wamekuja, na nusu ya waliojaa wamevaa nyekundu au kijani na njano. Hela ya msimu inategemea mgeni, udhamini, na mgawo wa matangazo ya Azam, mkataba ule wa 2021 wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kiingilio cha mtu wa Cheyo siku timu inacheza na Namungo hakimtetemeshi mtu. Uwanja si wa timu. Kadi za uanachama hatuna. Simba angalau wanachama wao wanatajwa kwenye karatasi, asilimia 51 kwa 49 za mwekezaji, hata kama wanagombana kila mwaka juu ya maana yake.

Kwa hiyo siwaambii watu wa Tabora wasuse. Wala siwaambii wamtukane mtu. Kumtukana ofisa wa kodi ni ujasiri ambao hata mimi niliye mbali sina. (Hapa mambo yamepinduka, kwa kweli. Uingereza klabu zinakimbizana na mtoza kodi mahakamani. Kwetu mtoza kodi ndiye mwenye klabu.) Ninachosema kwanza ni hiki: tuombe kuona hesabu. Mama ana duka dogo karibu na soko kuu, na kwa miaka ameambiwa, redioni na kwenye mabango, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Amedai na amedaiwa. Basi na sisi tunaonunua tiketi tunadai risiti yetu: timu imeingiza kiasi gani msimu huu, imetumia kiasi gani, inadaiwa na nani. Ukurasa mmoja, ubandikwe getini na mtandaoni kila msimu unapoisha.

Cha pili ni kuhama. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Singida Fountain Gate nayo ikaenda Manyara. Watu wa Mbarali waliamka timu haipo, bila kesi wala kikao. TRA ina ofisi kila mkoa, na jina la Tabora halimo tena kwenye jezi. Nani ametuandikia kwamba timu itabaki? Mimi ningeridhika na neno moja la maandishi kuhusu hilo kuliko basi jipya. Na mwakilishi mmoja wa mashabiki kwenye vikao, hata akiwa msikilizaji tu mwaka wa kwanza.

Wapo wanaoniambia haya ni maneno ya mtu aliyeshiba huko ughaibuni. Inawezekana. Hapa nikiandika barua kwa ofisi yoyote najibiwa, hata kama jibu ni hapana, na mtu akizoea hivyo huanza kudhani dunia nzima iko hivyo. Mdogo wangu alivyosikia mpango wangu wa kuwaandikia wenye timu barua alisema, "Andika wewe kaka, wewe huna duka hapa." Nimeandika. Ni nusu ukurasa, lugha ya adabu, imeanza na pongezi kama inavyotakiwa. Iko kwenye kundi tangu Jumapili na ina sahihi nne, mbili kati ya hizo za watu wa Yanga.