Wasiolipa Kiingilio Getini

Arusha haikosi warsha. Hivi karibuni nami nilialikwa kwenye moja, neno BIOANUWAI limeandikwa kwa kijani hadi kwenye chupa za maji. Tangu asubuhi ni tembo, faru, ushoroba, tembo, mbwamwitu, tembo. Baada ya chai ya saa nne nikanyoosha mkono nikauliza kwa adabu zote: nchi yenye mwambao wa kilomita zaidi ya 1,400 inafanya nini kuhusu planktoni wake, yaani viumbe wadogo wanaoelea na maji? Mwezeshaji akatabasamu. "Mwalimu, hao wadudu wako wanalipa kiingilio getini?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Jirani yangu nusura apaliwe na sambusa.

Sikujibu kitu pale. Najibu hapa, kwa nafasi yangu.

Nakubali kwamba watalii ndio wanaoleta fedha. Ada yangu ya chuo ilitoka mgongoni mwa kaka yangu, mpagazi wa mlimani, kwa hiyo mtalii simtukani. Lakini kumhesabia kiumbe thamani kwa tiketi ni kazi ya mhasibu, na pale tuliitwa kuzungumzia viumbe hai.

Mimi nilimuuliza nikiwa na kundi moja kichwani: tintinidi. Nilikutana nao mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, kwenye mafunzo ya vitendo Unguja, na hadi leo hawajanitoka. Ni siliata (viumbe wenye vinywele viitwavyo silia) wa seli moja tu, lakini kila mmoja anajijengea gamba na kuishi ndani yake, mdomo wa gamba ukiwa wazi kama mtungi usio na kifuniko. Pale mdomoni silia zinapigapiga maji na kuvuta chakula. Wengi wana urefu wa kati ya mikromita 20 na 200, yaani kwenye milimita moja ya rula unaweza kuwapanga kuanzia watano hadi hamsini. Mdenmark Otto Friedrich Müller alimwandika wa kwanza mwaka 1776, na tangu hapo zimeelezwa spishi zaidi ya elfu moja. Kuna magamba mafupi yenye tumbo, kuna marefu yenye mkia, kuna yenye ukingo wa menomeno kama msumeno. Tintinnopsis na wenzake wa pwani hugandisha chembe za mchanga na vipande vya vimwani kwenye gamba lao, ilhali wengi wa bahari kuu wanajenga gamba angavu lisilo na chembe hata moja. Wapo wanaopatikana karibu kila bahari, wapo wa maji ya joto tu, wapo wa baridi ya kaskazini tu, wapo wasiotoka bahari ya kusini kabisa. Spishi ni nyingi zaidi kwenye nyuzi 20 hadi 30 za latitudo, kusini na kaskazini mwa ikweta, kisha zinapungua kuelekea kwenye ncha. Pwani yetu iko kati ya nyuzi 5 na 10 kusini, kwa hiyo kileleni hatupo. Haidhuru, si kila kitu ni Kilimanjaro.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Ukigusia planktoni, jibu ni lile lile la miaka yote: hatuna vifaa. Kwa viumbe wengi wadogo jibu hilo lina ukweli, maana seli laini zinafanana, zinapasuka, na huzitofautishi bila mashine za mamilioni. Lakini tintinidi ana gamba! Gamba linaonekana kwa hadubini ya kawaida, ile ile iliyofungiwa kwenye makabati ya maabara za sekondari, ufunguo kwa mwalimu mkuu. Unachota lita moja ya maji ya bahari, unatia ayodini, binamu wa ile ya kupimia wanga, unaacha yatuame kwenye chombo kirefu siku moja au mbili, unamwaga ya juu polepole, unatazama ya chini. Katika lita moja kwa kawaida unapata makumi hadi mamia, na penye rutuba hata maelfu.

Kisha chukua kipenyo cha mdomo wa gamba. Tintinidi hupendelea chakula chenye ukubwa wa kama robo ya kipenyo hicho. Mwenye mdomo wa mikromita 40 anatafuta vimwani vya kama mikromita 10. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha tatu akipima midomo mia moja ya sampuli ya kaskazi, na mia nyingine ya kusi, amepata fununu ya chakula kilichokuwemo majini misimu yote miwili. Niambieni ni mnyama gani wa mbugani anayekupa habari hiyo kwa hadubini ya shule tu.

Najua mtaalamu fulani atanirukia: gamba linadanganya. Ni kweli. Kofoid na Campbell wa California walitoa orodha yao ya tintinidi mwaka 1929, karibu spishi 700, wakitegemea magamba peke yake. Mwaka 1981 Mfaransa Michèle Laval-Peuto akaonyesha kwamba tintinidi Favella wa spishi moja anaweza kujenga magamba ambayo zamani yangepewa majina tofauti. Huko Antaktika nako, tintinidi wa Cymatocylis waliokuwa na majina mbalimbali walipopimwa vinasaba wakakutwa ni wa spishi moja. Mwenye gamba mwenyewe akisumbuliwa kidogo huliacha na kwenda zake, ukabaki unahesabu nyumba tupu. Haya, vinasaba vina kazi yake, nimekubali. Lakini atakayepima vinasaba lazima kwanza awe na wa kuwapima, na awe na kumbukumbu za miaka za nani alionekana wapi na mwezi gani. Kumbukumbu hizo hazihitaji maabara ya Ulaya. Zinahitaji mtu wa Pangani mwenye ndoo na uvumilivu.

Tena hata baharini tunapenda mapande ya watu. Silikanti wa Tanga, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, alipoanza kunaswa nyavuni tulishtuka wote, na mwaka 2009 hifadhi ikatangazwa kwa jina lake. Vizuri sana, anastahili. Ila kibua ninayemnunua Moshi, aliyefika kwa barafu kutoka huko huko Tanga, alipokuwa kifaranga aliishi kwenye maji ambamo tintinidi wanakula vimwani vidogo mno, kopepodi (jamaa wadogo wa kamba na kaa) wanawala tintinidi, na vifaranga vya samaki wanawala wote wawili. (Msiniletee dagaa wa Mwanza. Wale ni wa ziwa, na tintinidi wa maji baridi ni spishi chache tu.)

Basi nina ombi. Kama kuna mwalimu wa Tanga, Pangani au Mkinga anayesoma hapa, mwenye hadubini inayofunguka na mwalimu mkuu asiye mkali, naomba aniandikie kwenye maoni. Ayodini nitabeba mimi. Likizo ya Desemba nashuka, na basi la asubuhi kutoka Moshi linafika Tanga mchana, maji tunaweza kuchota siku hiyo hiyo.