Msuli Wangu na Choo cha Bi Mkubwa

Nyumba yetu na mimi ni marika. Marehemu baba alimaliza kuiezeka mwaka 1974, mimi nikiwa bado natambaa, kwa hiyo kila nikiona ufa mpya ukutani huwa najipapasa mgongo kwanza. Iko Ngamiani, hapa Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zenye namba kama jezi za mpira. Namba yenyewe sitaitaja. Wanaoijua habari hii tayari wanatosha.

Ni nyumba ya Kiswahili hasa: korido katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, baraza mbele, ua nyuma. Kuta za miti na udongo, juu yake lipu ya saruji. Chumba cha mwisho kushoto ndicho kilichopata tabu kuliko vyote. Baba alipokuwa anadaiwa pesa ya mabati, kilikuwa cha mpangaji. Tulipokua kikawa cha wavulana. Dada aliporudi nyumbani na mwanawe kikawa chake, alipoolewa tena kikawa cha magunia ya mkaa na baiskeli isiyo na mnyororo. Na mwaka jana nikaamua kiwe choo.

Sababu ilikuwa magoti ya mama. Bi Mkubwa ana miaka 76, na choo chetu kilikuwa mwisho wa ua, cha kuchuchumaa. Usiku mmoja alitoka akakawia mno. Nikamfuata na tochi, nikabisha hodi kwa mbali, kwa adabu.

"Mama, vipi?"

"Kushuka nimeshuka, mwanangu. Kupanda ndiko kwenye kazi."

Basi nikaingia kwenye simu, nikasoma usiku kucha. Asubuhi nilikuwa mtaalamu. Mlango uwe na nafasi ya sentimita 80, ili hata kiti cha magurudumu kipite. Choo kiwe cha kukaa, kimo kama sentimita 45, magoti yasikunjwe sana. Kuwe na vyuma vya kushikia ukutani. Na pale penye ngazi pawe na mteremko, kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Nikachukua futi kamba, nikaenda kupima baraza: imeinuka sentimita 45. Zidisha mara 12. Mita tano na nusu karibu! Mteremko wangu ungevuka barabara, ukaingie kwenye duka la ng'ambo, mteja wa kwanza wa asubuhi awe mama yangu na kiti chake.

Fundi akasema tusihangaike, atautengeneza mita moja na nusu na "utateremka vizuri tu". Kweli ulitereza vizuri. Kufika jioni, watoto wa barabara nzima walikuwa wanaushuka kwa mapande ya dumu, wamepanga foleni. Mama aliutazama, akachukua bakora yake, akazunguka akaingilia mlango wa uani ambako sakafu na ardhi viko sawasawa tangu baba aijenge nyumba. Mimi nilikuwa sijaona kwamba viko sawasawa. Nina miaka hamsini na kitu humo ndani.

Huyo fundi nitamwita Fundi tu. Alikuja na baiskeli, kama sisi sote, mwiko umechomekwa kiunoni. Watu wa kwetu wana usemi wao, Tanga waja leo waondoka leo, maana yake mji mtamu, mgeni aliyekuja akisema ataondoka leo hujikuta amebaki. Fundi alikuwa mwenyeji, lakini usemi huo aliufuata neno kwa neno. Anakuja leo, anapokea pesa ya saruji, anaondoka leo.

Hata hivyo choo kilipanda. Tukapasua sakafu, tukatandika bomba, tukamwaga zege, Fundi akasimika kiti mwisho wa chumba kikitazama mlango. Kikapendeza. Nikamwita mama aje kuona.

Akasimama mlangoni kimya. Halafu:

"Fundi, kibla ni wapi?"

Fundi akanyoosha mkono kaskazini, moja kwa moja, maana kutoka Tanga, Maka iko kaskazini.

"Na hicho kiti kinatazama wapi?"

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikalitazama bomba.

"Nimezaa saba katika nyumba hii," mama akasema, "sijapata kuelekea kibla kwa haja hata siku moja. Nianze leo?"

Na mgongo kuupa kibla nako hakufai, kwa hiyo kukigeuza nyuma mbele hakukusaidia. Ilibidi kilale ubavu, kitazame mashariki. Zege ikapasuliwa upya, bomba likahamishwa, na kwa sababu Fundi hakutaka kulichimba mbali, kiti kikasogea mpaka karibu na mlango. Mlango ukifunguliwa ulikuwa unakipita kwa vidole vinne. Nilivipima mwenyewe, nikaridhika. Vidole vinne ni nafasi, nikasema.

Mama akauliza tena, "Mbona mlango unafungukia ndani? Wa baba yenu ulifungukia nje."

"Ukifungukia nje utaziba korido, mama. Utamgonga mtu anayepita."

"Na mtu akianguka humo ndani?"

"Ndiyo maana kuna vyuma, mama."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekuaga kwamba anakwenda Pemba kwa kuelea kwenye karai.

Vyuma vile vilikuwa fahari yangu. Mama alikuwa ameonya kwamba chuma na Tanga haviwezani, hewa ya bahari hula nondo mpaka inabaki kama kashata. Kwa hiyo nilinunua vya chuma cha pua, vinang'aa, bei yake sikumwambia mke wangu. Fundi akavifunga kwa skrubu na vile viplastiki vyake, akaning'inia kimoja kwa sekunde mbili, akasema, "Hiki atakirithi mjukuu." Fundi mwenyewe ana uzito wa mfuko wa saruji ulioliwa nusu.

Siku tatu zikapita, mama hajakikalia. Usiku tunasikia bakora, ko ko ko, inaelekea uani.

"Mama, choo kipo ndani!"

"Mpaka nimwone mtu mzito amekikalia," akajibu.

Katika nyumba ile mtu mzito ni mmoja, na ana kilo 98.

Sasa, siku ya kujaribu ningeweza kuchagua yoyote. Nikachagua Alhamisi ambayo kesho yake kulikuwa na arusi ya binti wa dada yangu. Uani kulikuwa na wanawake si chini ya ishirini, wanamenya vitunguu saumu vya pilau, na katikati yao, kwenye mkeka, mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Pangani. Mtu ambaye kwa miaka 24 nimezungumza naye nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Mkwe," akasema, "nasikia mmemjengea mwenzangu choo cha kifalme."

Kichwa kikavimba. Nilikuwa nimevaa fulana na msuli. Nikasema ngoja niwaonyeshe, nikaingia, nikaufunga mlango ili wajue kwamba hata uliyefungiwa ndani uko salama, na nikaanza kutangaza kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

"Sasa nakaa! Nimekaa! Kiti hakitikisiki! Sasa nashika chuma! Nanyanyuka bila taab—"

Chuma hakikukatika, nikitendee haki. Chuma ni kizima hadi leo. Kilichotoka ni ukuta. Lipu ilibanduka bamba zima, kama ukoko wa wali, nyuma yake ukafuata udongo wa mwaka 1974, na mimi nikafuata mwishoni nikiwa bado nimekishika chuma kwa mikono miwili. Nikaangukia ubavu, katika zile nafasi zangu za vidole vinne. Mgongo mlangoni, tumbo kwenye kiti, mkono mmoja chini yangu, mguu mmoja hewani. Msuli ulinasa kwenye skrubu ukabaki huko.

Nje, kimya. Hata vitunguu vilinyamaza. Kisha shangazi:

"Kimevunjika?"

"Choo au mwanangu?" mama akauliza.

Wakaja koridoni wote. Mlango ukasukumwa, ukaja kidogo, ukakutana na mimi. Ukasukumwa tena, nikapiga ukelele. Halafu nikasikia, inchi moja kutoka sikioni, sauti ya Pangani:

"Mkwe wangu, uko salama?"

Akili yangu ilitafuta jibu la heshima kwa mtu aliyelala sakafuni bila msuli, mkwewe akiwa upande wa pili wa ubao. Ikapata moja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu. Nadhani na yeye hakujua aseme nini.

Mke wangu akataka kuzing'oa bawaba, lakini bawaba za mlango unaofungukia ndani ziko ndani, na ndani nilikuwa mimi. Wanaume walikuwa wamekwenda kukodi masufuria. Likabaki dirisha, lile dogo la vioo vya kupachika. Wakavichomoa vioo kwa nje, wakamwingiza mjukuu wa dada yangu, mtoto wa darasa la tatu. Badala ya kunisaidia, akakaa juu ya tangi la kusukumia maji akaanza kuripoti.

"Babu amekaa kama pweza kwenye jiwe!"

"Anatoka damu?" shangazi akauliza.

"Hapana! Ana udongo kichwani!"

"Amevaa?" Huyo alikuwa mama.

Mtoto akanikagua kwa uangalifu, maana kwao wamefundishwa kusema kweli.

"Nusu!"

Kesho ilikuwa arusi, koo zilikuwa tayari. Vigelegele vilivyopigwa pale, bibi arusi mwenyewe hakupata vile.

Ni mama aliyetoa amri. Alimwambia mtoto achukue sabuni ya maji, amimine sakafuni, chini yangu na pembeni. Sabuni ilipitishwa dirishani: dumu la lita tano, la kuoshea vyombo vya arusi. Mtoto akalimimina lote. Vigae vile nilikuwa nimevichagua mwenyewe kwa kung'aa kwake (sasa najua kwamba cha chooni kinatakiwa kigae cha kukwaruza), na vilipopata sabuni havikuwa sakafu tena, vilikuwa pwani ya Sahare maji yakijaa.

"Shikeni mlango," mama akasema. "Haya! Harambee!"

"Eee!"

"Harambee!"

"Eee!"

Wanawake ishirini wakasukuma, nami nikaondoka kama ngalawa inayoshushwa majini. Nilikipita kiti kwa tumbo, nikaacha ngozi kidogo, nikaenda na povu langu mpaka miguu ikagonga ukuta wa mwisho, pale pale ambapo kiti kingekuwa kama si suala la kibla. Mlango ukapata upenyo wa mkono. Ukaingia mkono wa mama umeshika kanga. Nikajifunga upesi, kisha nikasoma jina lake, kwa kuwa kanga haivaliwi bila kusomwa: MDHANIAYE NDIYE SIYE. Mama anasema aliokota tu ya juu. Ana kanga zaidi ya arobaini.

Hospitali nilikwenda kwa bajaji, nimelala kiti cha nyuma, magoti nje. Daktari, kijana mdogo, akanibonyeza mgongoni nikaruka.

"Mzee, umechanika msuli," akasema.

"Msuli nimeshaupata, daktari. Ulikuwa kwenye skrubu."

Alinitazama, akaandika dawa nyingine juu ya zile za kwanza. Halafu akatoa masharti: wiki tatu nisichuchumae. Nisipande ngazi. Nikienda haja nikae kwenye kiti cha juu, na wakati wa kunyanyuka nishike kitu imara. Mke wangu alikuwa pembeni. Aligeukia ukutani, mabega yanatikisika, na hakuwa analia.

Fundi simu yake haikupatikana. Siku moja mke wangu alimwona akipita na baiskeli, na Fundi alipomwona naye akasimamia pedeli. Mama akaniletea mzee mmoja anayeunda mashua, wala si mwashi. Mzee alifika, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, to, to, akasikiliza kama mtu anayenunua nazi.

"Udongo huu," akasema. "Skrubu yako imeshika lipu. Lipu je, imeshika nini?"

Akatoboa ukuta mpaka upande wa pili, akaweka ubao huku na ubao kule, akavifunga vyuma kwa bolti ndefu zinazopita katikati, kama anavyofunga mbao za chombo. Ubao wa pili umetokea chumbani kwa mama, ambako sasa ananing'iniza tasbihi na mkoba wake. Mlango akaugeuza, ukafungukia nje. Unaziba korido, ndiyo, na umeshamgonga mtu mara moja. Alikuwa mimi.

Mama alianza kukitumia choo wiki ile ile, malalamiko yake makubwa yakiwa kwamba kila akikiendea ananikuta nipo. Nilikuwa nanyanyuka pole pole, mikono miwili kwenye chuma, nikiomba dua. Mlango wa uani, ule ulio sawa na ardhi, nao nikauzoea.

Watu wa arusi waliporudi kutoa pole, mgeni mmoja wa Korogwe alizungushwa nyumba nzima. Akaona mteremko wa barazani, akaona mlango mpana, akaona vyuma vinavyong'aa. Akamwambia mama hongera, watoto wamemjali, wamemtengenezea nyumba ya kuzeekea. Mimi nilikuwa chumbani, nimelala chali, mlango wazi.

"Aa, si yangu hiyo," nikamsikia mama akisema. "Ya huyu kijana wangu. Mgongo wake umekwisha. Ukiwa na mzee ndani ya nyumba utafanyaje?"