Mjamzito mwenye saratani kali ya damu: kusubiri kunamsaidia nani?

Mwaka 2012, katika Jamhuri ya Dominika, msichana wa miaka 16 alilazwa akiwa na saratani kali ya damu na mimba ya wiki chache. Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010 inalinda uhai tangu mimba inapotungwa, na sheria haikuruhusu kutoa mimba hata kwa ajili ya kuokoa maisha. Madaktari wakasita. Zilipita wiki kama tatu kabla ya dawa kuanza. Mwezi Agosti mimba ilitoka, naye akafariki.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba angepona, maana ugonjwa huu unaua hata waliotibiwa mapema. Uboho, yaani sehemu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, hujaa chembe changa za damu zisizofanya kazi, hivyo mgonjwa hukosa damu, hushindwa kupigana na maambukizi na hutokwa damu ovyo. Asipotibiwa, maisha yake huhesabiwa kwa wiki.

Wanaosihi dawa zisubiri wana hoja nzito. Katika miezi mitatu ya mwanzo ndipo viungo vya mtoto vinaumbwa, na tibakemia, yaani dawa za kuua chembe za saratani, wakati huo inaweza kumletea ulemavu au kuitoa mimba. Kati ya dawa hizo, methotrexate ni ya kuogopwa zaidi. Kwa aina moja ya saratani hii hutumika dawa ya jamii ya vitamini A, ambayo nayo huharibu maumbile ya mtoto katika kipindi hicho. Lakini aina hiyohiyo humvujisha mama damu kwenye ubongo na kumwua ndani ya siku chache. Hapo hakuna njia isiyoumiza. Mimba ikiwa na wiki nane, kungoja hadi wiki ya 13 ni kuuachia ugonjwa mwezi mzima na zaidi, na mama akifa mtoto huyo hawezi kuishi. Kwa hiyo mwanamke aelezwe yote, kutoa mimba kukiwemo, na uamuzi uwe wake.

Baada ya miezi hiyo mitatu, hoja ya kusubiri inapungua nguvu sana. Dawa za tibakemia kama daunorubicin na cytarabine zimetumika kwa wajawazito, na watoto wengi wakazaliwa salama, ingawa wapo wanaozaliwa wadogo au na upungufu wa damu. Mwaka 2015 Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, na wenzake walilinganisha watoto 129 ambao mama zao waliugua saratani wakiwa wajawazito na wengine 129 wa mama wasiougua. Akili na moyo havikutofautiana kwa kiasi cha kutisha. Wengi wa mama hao hawakuwa na saratani ya damu, kwa hiyo matokeo hayo yasichukuliwe kama dhamana. Lakini waliofanya vibaya kwenye vipimo vya akili walikuwa hasa waliozaliwa njiti. Basi kumzalisha mama mapema mno ili mtoto “akwepe dawa” kunaweza kumdhuru mtoto kuliko dawa zenyewe. Mimba ikishavuka wiki ya 32 hivi, ndipo kuzalisha kwanza kunapokuwa na mantiki.

Sheria zetu si kama ile ya Dominika. Ibara ya 26(4) ya Katiba ya Kenya inaruhusu kutoa mimba pale maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, na kifungu cha 230 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema ili kuokoa maisha ya mama. Hata hivyo daktari anayeogopa polisi husita vilevile, na siku alizopoteza hazirudi.

Kwetu siku nyingi zaidi hupotelea kliniki ya wajawazito. Uchovu, weupe wa macho na homa huhesabiwa kuwa ni mimba, malaria au upungufu wa madini ya chuma. Mara nyingi ni kweli. Ila mama aliyekunywa vidonge vya kuongeza damu bila nafuu, fizi zinamtoka damu na ana michubuko asiyojua chanzo chake, anahitaji picha kamili ya damu wiki hiyohiyo, na slaidi isomwe kwa darubini na mtu anayezijua chembe changa za saratani hii.