Waya Unaouma

Mzee aliponipigia simu hakusema mtandao umekatika. Alisema waya unauma.

"Unauma vipi, mzee?"

"Njoo uguse mwenyewe."

Nilikwenda, ila sikugusa. Nilitoa kipimo cha volti. Ofisi na ghala havijaachana hata mita 40, lakini kila jengo lina laini yake ya umeme na fito yake ya shaba iliyozikwa ardhini. Kijana wake alikuwa amevuta kebo ya shaba yenye foili, konekta za chuma huku na kule. Nikachomoa ncha ya ofisini, nikapima kati ya chuma cha konekta na ganda la chuma la swichi ya mtandao: volti 41 za AC.

"Kwani ardhi si moja?" mzee akauliza.

Kwa mkulima, ndiyo. Kwa umeme, kila fito ina ukinzani wake, na umeme unaovuja kwenye vifaa vya ghalani huipandisha volti ya fito ya kule. Foili inaileta tofauti hiyo mpaka ofisini, na anayeshika konekta kwa mkono huu na swichi kwa mkono ule ndiye anayekamilisha njia. Radi ikipiga karibu, tofauti hufika maelfu ya volti, wakati vitransfoma vya ndani ya tundu la mtandao hupimwa kwa 1500 tu. Kwa hiyo hata kebo isiyo na foili si kinga. Printa ya ghalani ilikuwa imekwisha kufa kwenye mvua zilizopita, na mzee alikuwa ameilaumu kwa uvivu.

Nikamwandikia: faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga badala ya umeme; iwe ya nje, ya singomodi (mwanga hupita njia moja tu), nyuzi 4 (2 za kazi, 2 za akiba), ganda jeusi la poliethilini lisilochoka na jua, isiwe na chuma chochote ndani. Ipite kwenye bomba la milimita 32, kina cha sentimita 60, mbali na bomba la umeme, kona ziwe za kupinda taratibu. Swichi mbili zenye tundu la SFP, na za kuchomeka humo moduli za gigabiti za kilomita 10, vijifaa vinavyogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme. Hizo hazilalamiki kwa umbali mfupi. Za kilomita 80 ndizo humpofusha mwenzake kwa mwanga mkali.

Niliporudi, hakuna mtaro. Faiba ilikuwa inaning'inia hewani, na pembeni yake uzi mnene wa chuma. "Muuzaji kasema hii haikatiki," mzee akaniambia kutoka juu ya ngazi. Upande wa ghala chuma kilikuwa kimeshafungwa kwenye paa la bati. Akakishika ili akifunge na huku, mkono wa pili ukiwa kwenye bati la ofisi.

"Lo! Kumbe na mwanga nao unauma!"

Tulichimba mtaro. Faiba isiyo na chuma ikapita, moduli zikaingia, taa ya swichi haikuwaka. Mzee akachomoa ncha na kuielekeza jichoni aone kama mwanga umefika. Nikampokonya: mwanga wa nanomita 1310 hauonekani, na jicho si kipimo. Nikafuta ncha, nikabadilisha nafasi za nyuzi mbili kwenye konekta ya LC, ile ndogo ya faiba, maana mtumaji alikuwa anaongea na mtumaji mwenzake. Taa ya kijani ikawaka.

Mzee akaangalia vidole vyangu, kisha karatasi aliyoshika.

"Kama kazi ni kugeuza vijiuzi viwili, mbona ankara ina kurasa mbili?"