Kushangaa kwa Zamu

Twiga hana kosa. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mama watoto akinisikia nalalamika husema nina kinyongo na wanyama. Sina. Ninachosema ni kwamba mtu mzima, fundi friji wa Tandika, baba wa watoto wanne, haifai kumpakia kwenye gari zima yeye na mkewe tu, mkampa na mtu wa kumwonyesha vitu, halafu mkamwachia kazi ya kushangaa kutwa nzima bila msaidizi.

Ilikuwa Julai. Tulikwenda Arusha kwenye sendofu ya mpwa wa mama watoto. Katikati ya sherehe shemeji yangu, huyu niliyemsomesha kwa hela za kujaza gesi kwenye mafriji ya watu, akashika kipaza sauti akatangaza: "Shemeji, mmenifaa sana. Keshokutwa mnakwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ziara binafsi! Gari lenu, gaidi wenu, hakuna kubanana na mtu." Ukumbi ukalipuka vigelegele. Utakataaje mbele ya vigelegele?

Na kusema kweli nilifurahi. Nilidhani binafsi maana yake ukitaka kusinzia unasinzia.

Gari likaja saa kumi na mbili asubuhi. Landkruza la kufunuka paa, siti saba, sisi wawili. Mtu aliyezoea kupanda daladala na mguu mmoja, wa pili akaupokea huko Mtoni, siti nyingi namna ile zinamchanganya. Nikajikuta nimesimama nimeshika bomba la juu. "Kaa basi," mama watoto akaninong'oneza, "zote zimelipiwa."

Kijana mwenyewe akageuka. Kofia pana, shati la kaki lenye mifuko kama droo za mezani, meno yote nje. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama." Mzee! Nina miaka 46. Nikaitikia marahaba kwa shingo upande. Akasema, "Leo mimi ni wenu mpaka jioni. Ulizeni chochote." Hapo ningejua, ningeshukia Usa River. Konda gani aliwahi kukwambia uliza chochote? Konda ukimuuliza chenji tu anatazama dirishani.

Hatujafika hata getini, mama mkwe akapiga simu. Mama watoto, kwa raha zake, akaweka sauti ya nje: "Mama, tuko njiani kuelekea porini, tuko na gaidi." Kimya. Halafu bibi wa watu akauliza kwa sauti ndogo, "Anataka shilingi ngapi?" Mama watoto akajibu, "Ameshalipwa, mama, sisi tumekaa tu." Simu ikakatika. Ilibidi tumpigie mara tatu, na kijana mwenyewe akazungumza naye, akamwamkia, ndipo yule mama akaahirisha kwenda kuripoti kwa mjumbe.

Pale getini, Ngongongare, mambo yalikuwa ya kisasa, noti haipokelewi, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu. Mzungu kwa dola, raia kwa shilingi. Nilipoona tofauti ya bei nikajisikia mtu muhimu sana katika nchi yangu. Raha yenyewe ikadumu kama dakika nne.

Maana mbele kidogo kuna uwanda wanauita Serengeti Ndogo, na hapo ndipo twiga alipotokea. Mimi nikasema, "Mbuga hii nzuri." Kijana akanirekebisha kwa upole, "Hifadhi, mzee. Mbuga ni ule uwanda wa nyasi. Hapa kuna msitu, maziwa na mlima." Sawa. Akazima gari. "Mnamwona shingo yake? Mifupa ya shingo ni saba tu. Sawasawa na yenu." Akanyamaza.

Ile kunyamaza ndiyo iliyonimaliza. Kile kioo cha ndani, ambacho dereva mwingine huangalizia nyuma ya gari, yeye alikigeuza kitutazame sisi usoni. Anataja kitu, ananyamaza, anasubiri. Usipofanya lolote, mabega yanashuka. Nikaona haya mtoto wa watu. Nikasema, "Duh!" Mabega yakapanda. Akawasha gari kwa furaha.

Duh ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ile ya tano nilikuwa naisukuma. Ilipofika ya kumi na moja, kwa pundamilia ambaye hakuwa na tofauti yoyote na pundamilia wa duh ya saba, ikatoka kama kompresa ya friji inayotaka kukata: "Ddduuu..." Mama watoto akanitazama. Tukafanya kikao cha dharura siti ya nyuma kabisa, kwa kisingizio cha kutafuta maji.

"Tugawane," nikamwambia. "Wewe shangaa wanyama, mimi nachukua milima na maziwa."

"Milima yenyewe imefunikwa na wingu. Unajichagulia kazi nyepesi kama kawaida yako."

Lakini akakubali. Ndoa ya miaka 19 ina mambo yake.

Kazi nyepesi! Wewe jaribu kushangaa mlima usiouona. Tukafika ukingoni mwa kreta ya Ngurdoto, kijana akanyoosha mkono kwenye weupe mtupu: "Pale ndipo Meru ilipo. Mita 4,566, mlima wa pili kwa urefu nchini." Nikashangaa wingu. Akageuka upande wa pili: "Na kule, mzee, ndiko Kilimanjaro. Mita 5,895." Nikashangaa wingu jingine, tena hili kwa nguvu zaidi, maana lilikuwa limeficha mlima mrefu kuliko wa kwanza. Mama watoto pembeni anacheka ndani ya kanga.

Na baridi! Mimi riziki yangu ni baridi, lakini ile ya kwenye friji, unaifungia mlango. Hii ya Julai ilikuwa imefunguliwa tu. Chini kwenye kreta binadamu haruhusiwi kushuka, unachungulia kwa darubini kutoka juu. Nyati walionekana kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye sinia la mboga. Kwa darubini wakawa punje kubwa. Nikauliza, "Na simba?" Kijana akasema hifadhi hii simba hatutamwona, hapa kuna chui, ila haonekani kirahisi. Nikamwelewa. Nina wateja wa aina hiyo watatu pale Tandika. Unajua wapo, nyayo unaziona, hela huioni.

Msituni tukakutana na mbega, wale weusi wenye joho jeupe mgongoni kama mashehe wanaokwenda kufungisha ndoa. Hawa kwa mujibu wa mkataba walikuwa wa mama watoto, lakini lazima nikiri nilimwibia zamu yake. Mmoja aliruka kutoka mti huu hadi ule, lile joho likafunguka hewani, mkia unafuata nyuma kama utepe, na majani yakamwaga umande wote kwenye kofia ya kijana. Nilisahau hata kusema duh. Kijana akasema mbega hana dole gumba, na jina lake la kitaalamu limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa. Nikatazama dole gumba langu, ambalo nyundo iliwahi kulipitia, nikamhurumia yule mnyama. Halafu nikajiuliza: hana dole gumba, anaruka vile, mimi ninayo mawili na ngazi ya nyumba ninapanda kwa kujishika.

Sasa tuje kwenye suala la kuchimba dawa.

Kwenye basi ni haki ya abiria. Mtu anapaza sauti, "Dereva, tuchimbe dawa!" na gari linasimama, wanaume huku, wanawake kule, mambo yameisha. Lakini chai ya Arusha ni nyingi na ile baridi haikunisaidia. Tulipoanza kuteremkia maziwa ya Momela nikasema kistaarabu, "Kijana, hapa panafaa." Akacheka. "Hapa hatushuki mzee, nyati hao." Kweli walikuwa watatu kando ya njia, wananitazama kama mwenye nyumba tarehe mbili ya mwezi. "Vumilia kidogo," akasema, "hapo mbele nina kitu cha kuwaonyesha."

Kitu chenyewe kilikuwa maji. Maziwa saba! Mtu amebanwa, unampitisha kwenye maziwa saba, moja baada ya jingine, na kila moja unasimama unamweleza. Eti maji yanatoka chini ya ardhi, kila ziwa lina magadi yake, kwa hiyo mimea midogo ya ndani inatofautiana, na rangi zinatofautiana, hili kijani, lile buluu. Eti zamani za kale ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka wote, ukaporomokea huku, na maziwa haya yamekaa kwenye kifusi chake. Nikauliza kwa taabu, miguu nimeikunja, "Kwa hiyo mlima umeshatulia?" Akasema umelala tu, mara ya mwisho ulionekana kufukuta mwaka 1910. Nikatazama lile wingu kwa jicho jipya. Heroe walikuwepo wachache, wale ndege wa waridi wenye miguu ya fimbo, na rangi yao inatokana na wanachokula. Mama watoto akafanya zamu yake vizuri sana, akashangaa hadi akapiga kofi. Mimi nilikuwa natazama choo kwa mbali, na nawaambieni, katika mandhari yote ya siku ile hakuna iliyonigusa namna ile.

Chakula kikawa ndani ya boksi. Mguu wa kuku, yai la kuchemsha, ndizi, keki na juisi ya pakiti. Nilikuwa ndio kwanza nimelimenya yai, nimeliweka juu ya mfuniko nitafute chumvi, nyani akashuka. Hakukimbia. Alikuja akitembea kama mtu wa mapato, akanitazama, akachukua mguu wa kuku, akaliacha yai. Kijana akapiga kelele, "Mzee, hairuhusiwi kulisha wanyama!" Jamani. Mimi nimemlisha? Amejilisha! Kaenda kukaa juu ya jiwe, anakula kuku wangu na kunitazama, na mama watoto akamshangaa nyani, maana ilikuwa zamu yake.

Mchana tulitembea kwa miguu kwenda maporomoko ya Tululusia na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Huyo sina neno naye. Katika saa nzima alitamka maneno mawili, "Mstari mmoja." Nilimpenda.

Jioni ikaja ile shughuli ya kuagana. Mfukoni nina noti moja ya elfu kumi na nyingine ya elfu mbili, na mama watoto kanikanyaga kidole ili nisije nikatoa ile ndogo. Nikampa elfu kumi, nikaona haijatosha kwa mtu aliyesema kuanzia alfajiri, basi nikaongezea maneno, kama tunavyofanya sote hela ikiwa fupi: "Kijana wangu, ukija Dar nitafute. Nikutembeze mwenyewe." Hilo neno kila mtu analijua. Ni kama "karibu chakula" unapokuta mtu anamalizia sahani. Halina anwani.

Oktoba, Jumamosi, nimelala chali chini ya friji ya mtu, simu ikaita. "Mzee shikamoo! Niko hapa Mbezi, nimeshuka na basi. Ulisema nikutafute."

Nikampeleka Feri. Ningempeleka wapi? Kwenye mnada wa samaki, joto la Oktoba, kelele, maji ya samaki yanaingia kwenye raba zake nyeupe. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikaanza. "Huyu changu. Huyu nguru. Yule anayepigwapigwa chini pale ni pweza, anapigwa ili alainike. Pweza ana mioyo mitatu." Nikanyamaza kidogo. Nikamtazama usoni.

"Duh!" akasema.

Ile duh naijua. Niliitengeneza mwenyewe, siti ya nyuma, mwezi wa saba. Lakini mtu akishaanza hasimami. Tukapanda pantoni kwenda Kigamboni, watu wamejaa, baiskeli zimejaa, nami namwonyesha upande wa ndani wa bandari: "Na kule ndiko lilipo Daraja la Nyerere. Lilifunguliwa 2016. Hulioni, limefichwa na kona, lakini lipo." Kijana akaitazama ile kona kwa heshima zote. Akaishangaa vizuri kuliko nilivyoshangaa mimi yale mawingu, na hakuwa na mke wa kumpokea zamu.

Tuliposhuka ng'ambo akanisogelea sikioni. Madafu mawili aliyokunywa pale Feri yalikuwa yamefika. "Mzee," akasema, "hivi hapa pa kuchimba dawa ni wapi?"

Nikamshika bega. "Vumilia kidogo, mwanangu. Hapo mbele nina kitu cha kukuonyesha."