Mzigo wa Kuthibitisha Usibebwe na Mwanafunzi

Mpwa wangu alirudi nyumbani na bahasha ya kaki yenye matokeo ya miaka miwili ya uhandisi wa ujenzi, aliyoisoma katika chuo kikuu cha nchi jirani. Baba yake alikuwa amefariki, na familia iliona ni vema amalizie masomo karibu na mama yake. Katika ofisi ya udahili ya chuo alichoomba kuhamia walimpokea kwa heshima, wakamwagiza alete muhtasari wa kila somo ukiwa na muhuri wa chuo alichotoka. Alipouleta aliambiwa kwamba kamati haijakaa, na ilipokaa ikataka barua nyingine. Miezi ikapita, hatimaye akajiunga na mwaka wa kwanza kama mtu aliyetoka kidato cha sita juzi.

Jioni moja tuliitandaza mezani mihtasari ya hisabati ya vyuo vyote viwili. Mada zilifuatana karibu kwa mpangilio uleule, matriki zikitangulia na milinganyo ya tofauti ikifuata, na hata kitabu cha rejea kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni safu ya mwisho ya jedwali: huku ziliandikwa saa za mihadhara, kule krediti.

Tofauti hiyo ina maelezo yake. Kwa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi yote ya mwanafunzi, yaani mhadhara, maabara, kujisomea na mtihani, na mwaka mzima wa shahada ya kwanza huhesabiwa kuwa krediti 120. Ulaya mwaka huohuo ni krediti 60, kwa kuwa krediti yao moja hubeba saa 25 hadi 30. Mtu anayehesabu mihadhara peke yake hupata tarakimu nyingine kabisa. Hizi ni tofauti za vipimo, kama maili na kilomita, na karani mwenye jedwali la ulinganisho angezimaliza kwa asubuhi moja. Mpwa wangu alizilipia mwaka wa kwanza na wa pili kwa mara ya pili, ada na umri vikiwa pamoja.

Uchungu wangu unazidi nikikumbuka kwamba ukanda huu uliwahi kuwa na chuo kikuu kimoja. Kuanzia 1963 hadi 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, wa udaktari alikwenda Makerere, wa uhandisi au tiba ya mifugo alikwenda Nairobi, na hapakuwa na nchi iliyolazimika kujenga kila kitu peke yake. Mwaka 1970 kila nchi ilichukua chuo chake. Siwalaumu waliofanya uamuzi huo, maana kila taifa changa lilihitaji wataalamu wengi na kwa haraka, lakini tangu wakati huo tumekuwa tukijenga upya kwa karatasi kile tulichokuwa nacho kwa vitendo.

Na karatasi zipo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilianzishwa mwaka 1980. Mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu ulipitishwa mwaka 2015. Mei 2017, wakuu wa nchi waliokutana Dar es Salaam walitangaza Jumuiya ya Afrika Mashariki kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Nilifurahi sana siku ile, na bado naamini tangazo lilikuwa la dhati, ila halikushuka hadi kwenye meza ya karani wa udahili.

Wapo wanaosema kwamba vyuo vina haki ya kulinda ubora wake, na hapo nakubaliana nao kabisa. Daraja likianguka, hakuna atakayeuliza mhandisi alihamia kutoka wapi. Vilevile mifumo ya shule haifanani: Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 aliingia chuo kikuu akitoka kidato cha nne na kusoma shahada ya miaka minne, ilhali Mtanzania hupita kidato cha tano na cha sita kwanza, na shahada nyingi zikawa za miaka mitatu. Tofauti kama hizo zinastahili kupimwa, na vyombo vya kupima vipo. Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina chombo cha kitaifa cha kutoa ithibati kwa vyuo vikuu. Kama chombo cha nchi jirani kimeshaikagua programu na kuiridhia, kwa nini mwalimu mmoja wa idara aianze kazi hiyo upya, tena kwa kila mwanafunzi?

Mkataba wa dunia wa utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa na UNESCO mwaka 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, una kanuni ambayo ningependa kila ofisi ya udahili iibandike ukutani: sifa ya mwombaji itambuliwe isipokuwa pawe na tofauti kubwa, na mamlaka inayokataa ndiyo yenye wajibu wa kuionyesha tofauti hiyo. Kwetu mambo yamegeuzwa, mwanafunzi ndiye anayezunguka na mihuri kuthibitisha kwamba matriki za kule ni matriki.

Ninachoomba Baraza la Kampala na vyombo vya ithibati vifanye ni kazi ya kawaida ya ofisi. Vichapishe jedwali la kubadili saa za mihadhara kuwa krediti, viweke ukomo wa siku ambazo chuo kitatakiwa kuwa kimetoa jibu, na kila jibu la kukataa litaje, somo kwa somo, kilichopungua. Mpwa wangu hakupewa hata mstari mmoja wa sababu. Wenzake alioanza nao kule walihitimu akiwa mwaka wa pili, na mmoja wao amekuja kufanya kazi ya ujenzi wa barabara katika mkoa wetu.